Kifuniko cha Bwana Mshtuko

Wako watu wanaozaliwa na vidole sita, wako wanaozaliwa na jino, na yuko huyu mhadhiri wa fizikia aliyezaliwa profesa, ila dunia ndiyo ilikuwa haijapata taarifa. Tangu shule ya msingi alitembea kiprofesa: mikono nyuma, tumbo mbele, kichwa kimeinama upande kama aliyeulizwa swali la kipuuzi na ardhi yenyewe. Wanafunzi walimwita Bwana Mshtuko. Si kwamba aliwahi kumshtua mtu; katika miaka yake yote ya kufundisha hakuwahi kumshtua hata mjusi wa ukutani. Walimwita hivyo kwa sababu kila aliposimama ubaoni, mada iwe joto, iwe umeme, iwe jiwe linaloviringika mlimani, haikupita nusu ya kipindi kabla hajafika kwenye wimbi la mshtuko, na akishafika hapo haondoki, kama inzi aliyeona kidonda.

Wimbi lenyewe lilikuwa la nyota, na nyota haikuwa na kosa lolote. Kuna nyota zisizotulia. Zinavimba, zinanywea, zinavimba tena, kama pafu. Hii ya kwake ilifanya hivyo karibu mara mbili kwa siku, bila likizo wala posho ya safari. Ikishanywea, ngozi yake ya gesi inaendelea kuporomoka kwa uzito wake, kumbe tumbo la ndani limeshaanza kusukuma juu. Wa juu anashuka, wa chini anapanda, na wote wana haraka kuishinda sauti. Wakikutana hapo hakuna samahani wala tangulia wewe. Ni kishindo. Gesi iliyopigwa inachemka mpaka inawaka, na hapo ndipo pana utamu. Ukiupitisha mwanga wa nyota kwenye kioo kinachoutawanya kuwa utepe wa rangi, utaona utepe umechorwa mistari myeusi. Kila gesi ina kiti chake pale, kama wazee barazani. Basi kishindo kikitokea, kwenye kiti cha haidrojeni, katikati ya weusi, unachomoza uzi mwembamba unaong'aa. Unakaa kitambo, unazimika. Nyota imepiga chafya, na chafya yake ni mwanga.

Jambo zuri namna hiyo lingeweza kumwangukia mtu mwenye akili. Likamwangukia Bwana Mshtuko. Naye hakulichagua kwa mapenzi. Alilichagua kwa kuwa idara nzima hakuna mwingine aliyejua linahusu nini, na mtu akilima peke yake porini hakuna wa kumwambia kwamba jembe amelishika kichwa chini.

Kilichomtafuna ni uprofesa. Katika ujia wa idara, mlango uliotazamana na wake ulikuwa wa mtaalamu wa hali ya hewa, jina la utani Bwana Mawingu, mtu aliyekuwa akitabiri mvua baada ya kuchungulia dirishani na kuiona inanyesha. Huyo alikuwa profesa tayari. Kibao chake cha shaba kiling'aa hivi kwamba Bwana Mshtuko, akifungua mlango wake mwenyewe asubuhi, aliuona uso wake ndani ya cheo cha mwenzake.

"Habari za asubuhi, Mwalimu," Bwana Mawingu alikuwa akimwambia, na neno mwalimu alilitamka kama mtu anavyomwita mhudumu wa hoteli.

"Nzuri, Profesa. Leo mvua ipo?"

"Bado tunachunguza."

"Naona mwavuli wako umelowa chapachapa."

"Huo ndio uchunguzi wenyewe, ndugu yangu."

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mke wake alikuwa muuguzi wa zamu, mwanamke mchangamfu aliyeona damu na matapishi kutwa nzima, hivyo gesi ya mbali haikumsisimua. Na alikuwako mama mkwe. Mama mkwe alikuja kukaa kwa wiki chache ili auguze mguu. Mguu ukapona, mwenyewe akabaki. Kazi aliyojipa ni kupiga pasi nguo za nyumba nzima, na kwa kazi hiyo alikuwa na kifaa chake: kopo la maziwa ya unga lililojazwa maji, kifuniko chake cha bati amekitoboa kwa msumari, akilitikisa juu ya shati linanyunyiza kama mvua ya rasharasha. Asubuhi moja akakuta kopo liko, kifuniko hakipo.

"Nani kachukua kifuniko changu?"

Kuanzia siku hiyo akawa anajaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya nguo, pfuuu, na kila baada ya mpulizo anauliza upya, kwa sauti iliyolowa, nani kachukua kifuniko chake.

Aliyekichukua alikuwa amekaa mezani anakunywa chai, kichwa kimeinama upande.

Ilikuwa hivi. Juu ya paa la jengo la fizikia palikuwa na kuba la bati, linafunguliwa kwa kuvuta mnyororo, na ndani yake darubini, na nyuma ya darubini mtambo wa kutawanya mwanga. Kando ya mtambo palifungwa taa ya vipimo. Taa hiyo ina gesi ya heliamu, na heliamu ikiwashwa hung'aa mistari yake palepale ilipopangiwa na Muumba, haiendi kulia wala kushoto. Unapiga picha ya taa, kisha ya nyota, na kwa kulinganisha unajua kila rangi imekaa wapi, kama fundi cherehani anavyotandika futi mezani kabla ya kukata kitambaa. Sharti ni moja tu, nalo limebandikwa ukutani kwa herufi za kumtosha kipofu: ukigeukia nyota, zima taa.

Sasa taa hii, ukiizima, kuiwasha tena ina maringo. Inapepesa, inanuna, inataka ingojewe mpaka itulie. Bwana Mshtuko hakuwa mtu wa kungojea taa. Yeye mwenyewe alikuwa ndiye mtu wa kungojewa. Penye nia pana njia, na penye uvivu pana njia ya mkato. Akaamua taa iwake muda wote, ila aifunike mdomo anapopiga picha ya nyota. Alijaribu daftari, likapinda. Akajaribu soksi, ikaanza kunuka moshi. Ndipo akakiona kifuniko cha mama mkwe, na kilipokaa kwenye mdomo wa taa kilikaa kama kimezaliwa pale. Yale matundu aliyaona, hakuwa kipofu. Akayaziba kwa plasta ya vidonda kutoka mkoba wa mkewe, akajipigia makofi moyoni.

Plasta ni kitu cha kukaa juu ya ngozi ya binadamu. Juu ya bati la moto ilivumilia kwa muda, gundi ikalainika, ikang'oka, ikadondoka sakafuni kimyakimya. Na tangu jioni hiyo, katika utepe wa rangi za nyota, kwenye kiti cha heliamu, ukatokea mstari unaong'aa.

Alipouona kwa mara ya kwanza aliinuka akajigonga kichwa kwenye darubini. Uzi wa haidrojeni unajulikana, umeandikwa vitabuni. Lakini heliamu inayowaka namna hii, tena hata nyota ikiwa imetulia, kabla ya kishindo na baada yake! Hapo kuna wimbi jingine, akasema, wimbi lisilojulikana, linapiga chinichini bila kupumzika. Akaliita wimbi la tatu. La pili lilikuwa lipi hakufafanua. Ukianza na la tatu watu wanadhani hayo mengine walikosa kusoma wao.

Akaliandikia makala katika jarida la chuo, jarida linalosomwa na waandishi wake tu, na kila mwandishi anasoma kurasa zake. Makala ikachapishwa. Akaomba uprofesa. Ombi likakubaliwa lisikilizwe: atoe mhadhara wa wazi, mtahini aalikwe kutoka chuo kingine, kisha kamati ikae.

"Kwa hiyo nyota imekohoa," mama mkwe akasema aliposikia, "cheo unapewa wewe?"

"Mama, si kukohoa. Ni wimbi la mshtuko la tatu."

"Mimi mshtuko wa kwanza tu ulinilaza wodini, sikupewa hata kiti cha kukalia. Na kifuniko changu kimeonekana?"

"Mama, hapa tunazungumza mambo ya mbinguni."

"Na mimi nazungumza ya shati. Utakwenda mbinguni na makunyanzi hayo?" Akajaza maji mdomoni. Pfuuu.

Mkewe alikuwa ameketi kwenye mkono wa kochi, anavua viatu vya zamu. "Mwache, mama. Baba watoto akiwa profesa atakununulia kopo zima."

"Sitaki kopo. Nataka kifuniko. Kopo ninalo."

Asubuhi ya mhadhara alifika ofisini mapema, amevaa suti ya harusi yake, ambayo sasa ilimbana kama deni, na akaanza kupanga picha za kuonyesha ukumbini. Akapata wazo zuri, la kwanza kwa muda mrefu, na kama ilivyo kwa mtu asiyezoea, likamwangamiza. Aliona itapendeza akizipanga tepe zote za miezi yote, moja juu ya nyingine, watu waone ule mstari unavyodumu.

Akazipanga. Na akaona.

Mistari yote ya nyota ilikuwa inayumba. Ndivyo inavyopasa: gesi ikija kwetu mistari yake inajongea upande wa bluu, ikitukimbia inajongea upande wa wekundu, na nyota inayovimba na kunywea haiishi kuja na kwenda. Haidrojeni iliyumba, chuma kiliyumba, kila gesi iliyumba kutoka tepe hadi tepe kama walevi wanaorudi nyumbani wameshikana mabega. Katikati yao mstari wa heliamu ulisimama wima kama askari wa gwaride. Haukusogea hata unywele.

Kitu pekee kisichosogea, kwenye mtambo ule, ni taa.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona jambo hilo kabla hajamaliza kupiga mwayo. Bwana Mshtuko hakuliona miezi yote ile kwa sababu alipima mwangaza wa mstari peke yake, mahali pake hakupapima. Nani anapima kimo cha mchumba siku ya posa? Alipanda ngazi za kubani mbiombio, suti ikilia mshononi. Akawasha taa, akaifunika kama kawaida yake. Kuba lilikuwa limefungwa, giza la mchana, na kutoka kwenye kifuniko ikachomoza miali ya rangi ya waridi na manjano, myembamba kama sindano, ikiingia moja kwa moja kwenye mdomo wa mtambo. Plasta aliikuta chini, imekauka, ina alama ya kiatu chake.

Akakaa sakafuni. Tumpe haki yake: kwa muda alioketi pale alikuwa mtu mwaminifu. Alijua, na hakujidanganya. Akainuka, akashuka hadi ofisi ya Mkuu wa Idara, bibi mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, ambaye wakati huo alikuwa akigombana kwa simu na wapiga maturubai.

"Mkuu, nina wasiwasi kidogo na ule mstari."

"Mstari upi tena?"

"Wa heliamu. Wa kwenye mhadhara."

"Upo au haupo?"

"Upo. Upo sana. Ndilo tatizo lenyewe."

Mkuu wa Idara akafunika simu kwa kiganja. "Mwenzangu, kitu kikiwepo sana si tatizo. Matatizo ya idara hii ni vitu visivyokuwepo. Karatasi hazipo, maji hayapo, mhadhiri wa nyuklia hayupo tangu alipokwenda kumzika shangazi yake mwaka juzi. Wewe una mstari! Mkuu wa Chuo ameahirisha safari kwa ajili ya huo mstari wako. Viti vimeshakodiwa. Nenda ukanawe uso."

Akaenda akanawa uso. Huo ndio ulikuwa mwisho wa uaminifu wake. Ulidumu kidogo kuliko uzi wa haidrojeni.

Ukumbi ulijaa, maana palisemekana pana soda. Mbele aliketi Mkuu wa Chuo, mwanamume mrefu aliyekuwa na wimbo mmoja tu, ubunifu wa ndani, akiuimba hata kwenye mazishi. Kando yake Bwana Mawingu, uso wa mtu anayesubiri mwenziwe ateleze. Safu ya katikati mke na mama mkwe, huyu wa pili amejifunga kitambaa kipya, mkononi anashika fimbo ya kuegemea ambayo mguu haukuihitaji tena ila ulimi uliihitaji. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, mtahini: mama mfupi, viatu vya kutembelea, anamenya chungwa juu ya mkoba wake. Alikuwa amezitazama nyota za namna hii kwa muda mrefu kuliko walioketi mbele walivyotazama vioo vyao.

Bwana Mshtuko alizungumza vizuri, kama ilivyo desturi ya uongo kupewa sauti nzuri. Alieleza nyota inayopumua, ngozi inayoanguka, kishindo. Ile picha ya tepe zilizopangana aliiacha ofisini, ameigeuza uso chini. Alionyesha tepe moja tu, heliamu inang'aa katikati kama jino la dhahabu. Watu wakasema aah. Hawakujua wanasemea nini aah.

Maswali yakaruhusiwa. Bwana Mawingu akauliza kama wimbi hilo laweza kuleta mvua. Kisha mtahini akainua mkono wenye kipande cha chungwa.

"Mwalimu, mstari wako unasogea?"

Ukumbi ukageuka kumtazama, maana swali lilikuwa fupi mno kuwa la msomi. Bwana Mshtuko akajivuta ukosi.

"Swali zuri sana."

"Asante. Unasogea?"

"Mstari huu..." Neno la kweli lilikuwa tayari mdomoni, limeshavaa viatu. Akawaona Mkuu wa Chuo akiegemea mbele, Bwana Mawingu akianza kutabasamu, mkewe akimpungia mkono kidogo. "Mstari huu unaonyesha uthabiti wa kipekee."

Uthabiti! Mkuu wa Chuo akapiga makofi wa kwanza, kwa kuwa neno hilo lilikuwamo katika mpango mkakati wake, na ukumbi wote ukamfuata.

"Thabiti kiasi gani?" mtahini akauliza makofi yalipotulia.

"Kabisa."

"Basi nimejibiwa," akasema, akarudi kwenye chungwa lake.

Mambo yangeishia hapo, ila Mkuu wa Chuo alitaka kupigwa picha na darubini. Wakapanda wote ngazi za paa, wakubwa mbele, mama mkwe katikati akishikwa mkono na bintiye, akinung'unika kwamba huko mbinguni wangeweka angalau mahali pa kushikia. Mwenye kuba, Bwana Mshtuko, alibaki nyuma. Alikuwa amekumbuka kwamba asubuhi, kwa kuchanganyikiwa, aliacha taa inawaka.

Mlango ukafunguliwa. Ndani giza, na katika giza miali ya waridi, myembamba, imesimama hewani kama nyuzi za fundi. Watu wakainamisha vichwa kwa heshima. Mama mkwe akasogea, akainama, akatazama.

"Haa! Kifuniko changu!"

"Mama, taratibu," bintiye akamnong'oneza.

"Taratibu nini? Si hiki! Mwenyewe nilikitoboa kwa msumari, tazama hili la pembeni, nyundo iliniteleza likawa kubwa. Mimi navimba mashavu kama chura nikipiga pasi, kumbe mkwe amekileta huku kukivisha taa!"

Mtahini alikitazama kifuniko. Akaufuata mwali kwa macho mpaka mdomo wa mtambo. Akamtazama Bwana Mshtuko. Kisha akaanza kucheka, kicheko kisicho na sauti kwanza, mpaka akalazimika kushika ukuta, chini ya tangazo lile linalosema ukigeukia nyota, zima taa.

"Hebu nieleweshwe," Mkuu wa Chuo akasema. "Hiki ni kitu gani?"

Bwana Mshtuko alikuwa amepewa mlango wa pili wa kusema kweli, na huu ulikuwa wazi kabisa. "Ni kifuniko, Mkuu. Cha kopo la maziwa."

"Cha kopo la maziwa! Na kinafanya kazi gani?"

"Kinazuia mwanga."

"Kinazuia?" mtahini akauliza, akifuta machozi.

Mkuu wa Chuo hakumsikia. Macho yake yalikuwa yameshajaa furaha. "Mnaona, ndugu zangu? Kifaa kama hiki wengine wanakiagiza ng'ambo! Mwenzetu amekitoa jikoni kwake! Huu ndio ubunifu wa ndani!"

"Ubunifu gani, baba?" mama mkwe akasema. "Kaniibia!"

"Na mama mzazi ameshiriki katika utafiti! Mama, njoo hapa tupigwe picha."

Wakapigwa picha. Bwana Mawingu alijibana mpaka akatokea ukingoni, sikio moja.

Kwenye ngazi, wengine wakiwahi soda, mtahini alimsubiri Bwana Mshtuko.

"Unajua," akasema. Halikuwa swali.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Asubuhi hii."

"Ukasimama, ukasema thabiti." Akamtazama kama daktari anavyotazama jipu la mtu asiyetaka kupasuliwa. "Nitaandika nilichokiona, mwalimu. Watu wako nawajua, hawatasoma. Lakini nitaandika, kwa heshima ya nyota."

Akaandika. Kamati ikaipokea ripoti yake ndefu, ikaichungulia, ikaokota humo sentensi iliyoupendeza moyo wake: kwamba katika maisha yake yote mtahini hajapata kuona mstari kama huu kwenye nyota yoyote. Kwa sentensi hiyo Bwana Mshtuko akawa profesa.

Kibao cha shaba kikapigiliwa. Kifuniko kikachukuliwa na chuo, kikatiwa ndani ya sanduku la kioo kwenye lango la maktaba, juu ya kitambaa chekundu, na mama mkwe alipofuata chake akaambiwa na mlinzi kwamba mali ya chuo haiguswi. Alirudi nyumbani akiwa hana maneno, jambo lililowatisha wote.

Ilimpasa profesa mpya apige picha mpya ya mstari wake, kubwa, ya kutundikwa ukutani. Akapanda kubani jioni moja, giza likiwa bado changa. Hakuwa na kifuniko tena, na kuomba kingine nyumbani hakuthubutu. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu akabidhiwe mtambo ule, alifanya kama ukuta unavyosema. Alipiga picha ya taa. Akaizima. Akavuta mnyororo, bati likafunguka, akaielekeza darubini kwenye nyota yake na kungoja kama watu wengine.

Ilikuwa saa ya kishindo. Kwenye kioo cha kompyuta, ndani ya weusi wa haidrojeni, uzi ukachomoza unang'aa, nao umesogea upande wa bluu, kwa kuwa gesi ile ilikuwa inakuja, inakimbilia upande wake yeye. Akautolea macho. Na kwenye kiti cha heliamu, pale alipokuwa ameweka uongo wake miezi yote, utepe ulikuwa mtupu. Kisha polepole, hafifu kiasi cha kudhaniwa ni vumbi la kioo, kikatokea kiuzi kingine. Heliamu. Nacho kimesogea. Kimesogea upande uleule, sambamba na mwenzake.

Siku zote kilikuwapo. Kila kishindo kilikuja, kikabisha hodi, na yeye alikuwa amekiwekea taa machoni.

Alielewa mara moja thamani ya alichokiona, na hilo ndilo la kusikitisha, maana mjinga kamili angelala usingizi. Ili kukionyesha kiuzi hiki lazima akiweke kando ya ule mstari wake mashuhuri, na mwenye macho akiviona viwili hivyo kwa pamoja, kimoja kinatembea na kingine kimesimama kama mlingoti, atauliza swali la yule mama wa chungwa. Hapo kibao cha shaba kingeng'olewa mchana, Bwana Mawingu akisaidia kushika ngazi.

Alikitazama mpaka kikazimika. Mkono ukaenda kwenye kompyuta, ukasita, akafikiri, akafuta picha. Halafu akawasha taa ya vipimo, akapiga picha ya mwanga wake peke yake, unaong'aa, usiosogea, wa kutosha ukuta mzima.

Nyumbani mama mkwe alikuwa mezani na pasi, lundo la nguo kando.

"Umeona nini huko leo?" mkewe akamwuliza.

"Sijaona kitu."

"Afadhali," mama mkwe akasema. Hakuwahi kumwita profesa na hakukusudia kuanza. "Ukiona kitu sisi tunapoteza vyombo. Vua hilo shati."

Alilivua, akabaki na fulana, mikono nyuma, tumbo mbele, akisubiri. Mama mkwe akajaza maji mdomoni, akavimba mashavu, akamtazama mkwewe, akalitazama shati, akamtazama tena mkwewe. Pfuuu.

Hakulenga shati.